Mtu Aliyeitwa Tingatinga

Kwetu Mara neno tingatinga ni mashine. Ukilitaja Nyamongo, mtu anafikiria mitambo ya mgodini inayosukuma vifusi. Ukilitaja Mugumu, anafikiria trekta la kukodi msimu wa kulima, au lile greda linalopita kusawazisha barabara mara moja kwa mwaka, tena mwaka likijaliwa kupita. Nilipokuwa BTP wilayani Tarime niliwauliza kidato cha pili tingatinga ni nini, na darasa karibu zima likasema mashine. Siwalaumu, jina lenyewe lina mlio wa injini. Lakini wilaya ya jirani, Serengeti, kwenye meza za vinyago na shanga karibu na njia za kuingilia hifadhini, utakuta picha za chui, twiga na tembo zilizojaa madoa na vidoti, na muuzaji atakwambia hizo ndizo tingatinga. Ukimuuliza tingatinga maana yake nini, mambo yanaanza kuwa magumu. Mimi niliwahi kujibiwa kuwa ni aina ya rangi.

Ni mtu. Alikuwa na baba, mama, mke na watoto, na alikuwa na shida ya hela kama mimi na wewe wiki mbili kabla ya bumu kutoka.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kule kusini karibu na mpaka wa Msumbiji. Baba yake alikuwa Mngindo Mwislamu, mama yake Mmakua Mkristo, ndiyo maana jina lake limebeba Edward na Saidi pamoja bila ugomvi. Wazazi walikuwa wakulima wa jembe la mkono. Shule alisoma miaka michache tu, akaachia hapo. Enzi za Mwingereza kila upande wa nchi ulikuwa na mlango wake wa kutokea kwenda kutafuta fedha. Huku kwetu vijana wengi wa Kikurya waliingia jeshini, KAR. Vijana wa kusini walikwenda kwenye mkonge. Tingatinga naye akafuata njia hiyo, miaka ya 1950, hadi mashamba ya Tanga. Anayetaka kujua kazi ya mkonge ilikuwaje awaulize wazee waliowahi kuwa manamba. Mimi hapa nasema tu kwamba hakuna aliyetamani kuzeekea huko.

Mwaka 1959 akaingia Dar es Salaam. Akapata kazi nyumbani kwa Mwingereza mmoja mtumishi wa serikali ya kikoloni, kazi ya bustani na ya ndani. Uhuru ulipokuja wenye nyumba za namna hiyo wakaanza kufunga mizigo, na watumishi wao wakabaki kutafuta kibarua kingine. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuungaunga. Naipita haraka kwa sababu maisha ya kibarua Dar yanafanana, ya jana na ya leo.

Sasa sikiliza hapa. Alianza kuchora mwaka 1968 hivi, akiwa na miaka 36. Sisi kwenye elimu tunafundishwa kuhusu umri wa kujifunza, kipaji kugunduliwa mapema, mtoto kulelewa katika mazingira fulani. Huyu bwana alikuwa mtu mzima asiye na cheti, asiye na mwalimu, na jijini hakukuwa na mtu aliyekuwa akimsubiri achore. Kilichomsukuma ni kile kile kinachomsukuma mtu kufungua genge: kutafuta kitu cha kuuza. Wapo wanaosimulia kwamba aliona wachoraji kutoka Kongo wakiuza picha zao mjini, akajiambia hata yeye anaweza. Wapo wanaoona mizizi ya picha zake katika michoro ya kwenye kuta za nyumba za kusini. Wasomi wamebishana sana juu ya hilo. Mimi sioni kwa nini yote mawili yasiwe kweli. Mtu anaweza kuona biashara Dar na bado mkono wake ukakumbuka ukuta wa kwao.

Vifaa vyake ndivyo vinavyonifurahisha. Hakuwa na turubai wala zile rangi za tyubu za wasanii. Alitumia hadibodi, zile mbao nyembamba za kahawia ambazo mafundi hupigilia dari, akizikata vipande vya mraba vya kama sentimita 60 kila upande, yaani futi mbili kwa mbili. Hebu piga hesabu ya fundi: ubao wa futi nne kwa nane unatoa vipande vinane vya namna hiyo, hakibaki hata chengachenga. Rangi ilikuwa ile ya mafuta ya kung'aa, ya dukani, inayopakwa kwenye milango na baiskeli. Rangi hiyo ina tabia zake. Inakauka polepole, na ukiharakisha kuweka ya pili juu ya ya kwanza zinachanganyika na kuchafuka. Kwa hiyo unapaka usuli wote kwa rangi moja, unaweka pembeni, unashika kipande kingine, kesho ndipo unarudi kumweka mnyama. Haikubali vivuli laini na mwanga unaofifia. Inataka uweke rangi nzima hapa, rangi nzima pale, na mstari ulio wazi katikati. Ikikauka imekauka kweli: haiogopi joto la pwani, na vumbi unalifuta kwa kitambaa kibichi.

Naomba uliweke hilo akilini kila unaposikia mtu akisema mtindo wa Tingatinga ni wa kitoto. Ule ubapa, ule mng'ao, yule mnyama mmoja mkubwa aliyejaza ubao mzima bila milima wala mawingu nyuma yake, kwa kiasi kikubwa ni majibu ya mtu aliyeijua rangi ya baiskeli vizuri. Aliitumia kwa kile inachokiweza na hakuilazimisha kwa kile isichokiweza. Chini akatia sahihi: E. S. Tingatinga. Fundi wa milango hatii sahihi kwenye mlango.

Halafu kuna suala la kukaa wapi. Oysterbay ya miaka hiyo ilikuwa makazi ya mabalozi, wataalamu wa kigeni na wakubwa wa serikali, na duka lao la mahitaji lilikuwa Morogoro Stores. Tingatinga akaweka picha zake pale nje. Huo ndio ulikuwa ukumbi wake wa maonyesho. Mtu ametoka kununua mkate na maziwa, chenji iko mkononi, anamwona chui mwekundu amesimamishwa chini ya mti. Anacheka, anauliza bei, anaondoka naye. Hakuna dalali, hakuna kampuni ya utalii, hakuna mtu wa tatu anayetaka chake. Mnunuzi anamwona mchoraji, mchoraji anamwona mnunuzi, na picha ya wiki ijayo inachorwa kwa kujua ya wiki hii ilipendwa au ilisonywa.

Nasisitiza hili kwa sababu hapa chuoni kuna wanaozidharau hizo picha kuwa ni bidhaa za watalii tangu zizaliwe. Si kweli. Wanunuzi wa kwanza hawakuwa watu wa safari ya siku tano. Walikuwa wakazi, majirani wa duka, waliopita pale kila wiki na wangeweza kurudi kulalamika. Ilikuwa biashara ya mtaani kabisa, tofauti ni kwamba mtaa wenyewe ulikuwa na hela.

Na wale chui wake. Alichora tembo, ndege, fisi, twiga, nyati, lakini chui ndiye anayenirudia kichwani. Mtazame vizuri. Uso wa mviringo, masharubu yamekaa wima, macho mawili yanakutazama wewe na si swala, mkia umepinda juu ya mgongo. Ni paka. Ni yule paka wa jikoni aliyekaa karibu na mafiga akingoja utumbo wa samaki, sema amekuzwa hadi akajaza futi mbili kwa mbili na kuvishwa madoadoa. Kwa sisi tuliokulia Serengeti hili linashangaza kidogo. Chui kwetu ni mbuzi wawili waliokutwa wamekufa zizini asubuhi. Simba ni ng'ombe wa mahari aliyepotea. Tembo ni shamba la mahindi lililolimwa miezi mitatu likaliwa usiku mmoja, na mnaotoka vijiji vya mpakani mwa hifadhi mnajua siongezi chumvi. Bibi yangu akiona picha ya tembo anayetabasamu huguna tu, akaendelea kupepeta ulezi.

Ila Tingatinga hakuwa mtu wa ghorofani asiyejua mnyama. Tunduru ni pori. Mtoto wa kule alikua akisikia simba usiku kama sisi, na akisikia hadithi za fisi na sungura kama sisi. Nadhani ndiyo sababu chui wake ana sura ya paka, maana ndivyo mnyama anavyokaa ndani ya hadithi: unamwogopa na unamcheka hapo hapo. Mpiga picha wa magazeti ya kigeni anakuonyesha chui jinsi anavyoonekana kutoka juu ya Land Cruiser. Tingatinga anakuonyesha chui jinsi anavyosimuliwa na watu waliokaa chini.

Kuna mwanamke mmoja wa Kanada ambaye siwezi kumwacha nje ya habari hii, ingawa hawakujuana. Anaitwa Maud Lewis. Aliishi jimbo la Nova Scotia katika kijumba cha chumba kimoja kando ya barabara, na mume wake alikuwa akiuza samaki. Vidole vyake vilikuwa vimepindishwa na ugonjwa wa viungo. Alichora kwenye mbao kama zile zile za hadibodi, kwa rangi zilizobaki za kupakia nyumba na mashua, na alipenda mno kuchora paka: paka mweupe kati ya maua, paka weusi watatu wenye macho makubwa wamekaa pamoja kama wanasubiri kuitwa. Ukuta, mlango, hata jiko la chuma la nyumbani kwake vilijaa michoro yake. Waliopita na magari waliona kibao cha picha zinauzwa, wakasimama, wakalipa dola chache, wakaondoka. Alikufa mwaka 1970, miaka miwili kabla ya Tingatinga. Mwaka 2022 picha yake moja ikauzwa mnadani kwa dola 350,000 za Kanada. Yeye alifia katika umaskini ule ule.

Ninamtaja kwa sababu tuna tabia ya kudhani kwamba kuuza picha barabarani, kwa rangi ya makopo, ni dhiki ya Kiafrika. Miaka ile ile, upande wa pili wa bahari, mwanamke wa Kizungu alikuwa akifanya vilevile, kwa vifaa karibu vilevile, na paka juu yake.

Kilichomtofautisha Tingatinga ni kwamba hakubaki peke yake. Kazi ilipoanza kutembea aliwaita ndugu na jamaa kutoka upande wa kwao. Simon Mpata, January Linda, Casper Tedo, Ajaba Abdallah Mtalia na Adeusi ndio wanaohesabiwa kuwa wa mwanzo. Hakuwafungulia shule. Walikaa karibu naye, wakatazama, wakashika brashi. Hadi leo kijana mgeni kwa wachoraji hawa huanza na kazi za chini, kama kupaka usuli wa ubao wa mwenzake, hadi siku anapoachiwa mnyama wake mwenyewe. Kwenye mihadhara tunapewa majina marefu ya namna hii ya kufundisha, na tunayaandika kwenye desa ili tusidisko. Yeye aliifanya kwa sababu rahisi: ndugu hana kazi, na kuna ubao umekaa.

Katika miaka hiyo alipata pia ajira Hospitali ya Muhimbili, kazi ya ngazi ya chini, akawa anachora muda wa ziada. Watu wengi wanaomtukuza hupenda kuiruka sehemu hii, kana kwamba inampunguzia hadhi. Mimi naona inaongeza. Kisha chombo cha serikali, National Arts of Tanzania, kikaanza kununua picha zake, na kwa mara ya kwanza akawa na mnunuzi wa uhakika mbali na wapita njia wa Morogoro Stores. Alikuwa ameoa, mke wake akiitwa Agatha, na watoto walikuwa wamezaliwa. Mambo yalikuwa yanakaa sawa.

Mwaka 1972 alikuwa ndani ya gari usiku, jijini Dar es Salaam. Polisi walikuwa wakiwasaka wahalifu, wakalidhani gari lile ndilo wanalolitafuta, wakafyatua risasi. Tingatinga akafa. Alikuwa na miaka 40.

Sina la kulipamba hilo. Hakufa kwa ajili ya sanaa wala siasa, hakuwa ameandika kitu cha kumkera mkubwa yeyote. Alidhaniwa kuwa mtu mwingine. Tangu alipoanza kuchora hadi siku ile ilikuwa miaka minne tu au pungufu, muda ambao wewe unachukua kumaliza shahada kama huna somo la kurudia.

Aliacha mjane na watoto wadogo, na wale wanafunzi. Hapa ndipo jina lilipoanza kuachana na mtu. Wanafunzi waliendelea kuchora kwa sababu ndicho walichokijua, na kwa sababu wanunuzi waliendelea kuja pale pale wakiulizia tingatinga. Wakachukua jamaa wengine, na hao wakachukua wengine. Mwaka 1990 wakaandikisha chama cha ushirika, Tingatinga Arts Cooperative Society, makao yake pale pale Oysterbay. Mwanawe Daudi naye ni mchoraji. Watalii walipoongezeka picha zikahama kutoka kwenye hadibodi kwenda kwenye kitambaa, kwa sababu hadibodi haikunjwi na ndege ina kipimo cha mizigo. Mnyama mmoja aliyejaza ubao akawa wanyama hamsini waliobanana, na nyuma yao Mlima Kilimanjaro. Nimeona picha ya namna hiyo yenye Wamasai, mibuyu, simba, twiga na jua linalozama, vyote pamoja, na mahali pa kupumzisha macho hakuna. Mwaka 2010 BBC ikaanza kuonyesha katuni ya watoto yenye jina hilo, iliyotengenezwa Nairobi kwa mtindo huo. Yaani mtoto wa Uingereza akamjua Tingatinga kabla ya mtoto wa Tarime.

Nani alilipwa katika yote haya? Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda picha, hailindi mtindo. Mtu yeyote, popote, anaweza kuchora chui mwenye vidoti na kumwita tingatinga, na hajavunja sheria. Sisemi sheria ibadilishwe, maana hao wachoraji wa leo wanakula kwa uhuru huo huo. Ila nikimwangalia kijana wa huku kwetu mwenye meza yake ya vinyago na picha, naona kile alichokuwa nacho mwenye jina na yeye hana. Watalii wake wanakuja ndani ya magari ya kampuni, kila kitu kimelipiwa huko walikotoka. Wanasimama kama dereva akiamua wasimame, na mara nyingine dereva anataka asilimia yake. Picha zenyewe amezileta kutoka Arusha kwa jumla. Hajui aliyezichora, aliyezichora hajui ziliko, na aliyenunua hatarudi wiki ijayo kusema yule chui mwekundu alimpendeza mke wake. Bei inapanda na kushuka kwa kubahatisha. Kuna mama mmoja Mugumu anasuka vikapu vizuri kuliko chochote kilichoko kwenye meza hizo, na anaviuza siku ya gulio kwa majirani, kwa bei ya majirani, ili vibebee ulezi. Angalau yeye anawajua wateja wake wote kwa majina. Sijui niseme yupi kati yao yuko karibu zaidi na Tingatinga wa Morogoro Stores, lakini mawazo yangu yanaelekea kwa yule mama.

Kwenye mitaala ya ualimu niliyopitia hadi sasa sijakutana na jina lake hata mara moja. Nimekutana na wanafalsafa wa Kigiriki, nimekutana na Wajerumani wa chekechea. Hii haihitaji tume. Mwalimu wa darasa la tano akiwa na kipande cha hadibodi na makopo matatu ya rangi yaliyobaki baada ya kupaka milango ya shule, ana somo zima la sanaa, la historia na hata la hesabu ya vipande vinane.

Simon Mpata, mwanafunzi wake, alihamia Nairobi akaendelea kuchora huko hadi alipofariki mwaka 1984. Wajapani walizipenda picha zake kupita kiasi. Leo juu ya mwinuko wa Oloololo, upande wa Kenya, kuna hoteli ya kitalii inayoitwa kwa jina lake, Mpata, na chini yake panaonekana mbuga ya Maasai Mara. Mto Mara unapita huko, unavuka mpaka, unaingia kaskazini mwa Serengeti na kushuka kati ya wilaya zetu mbili kuelekea ziwani. Huku chini, ukisema Mpata, watu watadhani unazungumzia kupata kitu.